Sili Nyama Wala Samaki, na Sasa Sina wa Kula Naye

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unihukumu, maana hapa nilipo hakuna aliyenisikiliza mpaka mwisho.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mjane, Mkatoliki niliyebatizwa na kusomeshwa misheni huko bara, na hapa Wete nimekaa miaka kumi na mmoja tangu marehemu mume wangu Silvesta alipoletwa kufanya useremala wa serikali, naye alifariki kwa homa mwaka wa 1933, hatukujaliwa mtoto, nikabaki na cherehani yangu nikishona nguo za watu, na ndugu zangu wameniandikia mara mbili tatu nirudi kwetu lakini kaburi lake liko hapa na mimi sijaweza kuliacha.

Nianze na jambo la aibu. Baada ya mazishi nilishindwa kupika chakula cha mtu mmoja, nilipika kwa kipimo kile kile cha siku zote, nikapakua sahani mbili, nikala yangu, kisha nikaona vibaya kuitupa ile nyingine nikaila nayo, na hivyo nilifanya mchana na jioni kwa miaka mitatu, wali wa nazi, nyama, samaki, mayai ya kukaanga kwa samli, hata nikanenepa mpaka magoti yakakataa kunibeba na kutoka nyumbani kwangu hadi sokoni ikawa lazima nipumzike mara mbili njiani. Daktari wa hospitali aliniambia nipunguze mwili, la sivyo moyo utachoka kabla yangu. Nikapimwa dukani kwa Bwana Kantilal, kwenye mizani ya magunia ya karafuu, mbele ya wachukuzi, nikaonekana frasila sita na ratili kumi, yaani ratili mia mbili na ishirini kwa jumla. Daktari akasema nishuke mpaka tano nikae hapo.

Mkewe Bwana Kantilal anaitwa Taraben, ua wake na wangu zinapakana. Yeye na watu wake hawali nyama wala samaki wala yai, kwa kuwa dini yao inawakataza kutoa roho ya kiumbe. Nilipomweleza habari ya daktari akanifundisha kupika choroko na dengu na mbaazi kwa bizari na tangawizi, na siku nyingi alinipa chakula chake juu ya jani la mgomba, mimi nikila nimekaa kwenye ngazi ya nyuma na yeye amekaa ndani ya mlango. Chakula changu yeye hawezi kukila, wala hawezi kula pamoja nami, ni sheria ya nyumba yao, alinieleza kwa upole na niliona kwamba inamuumiza kuieleza.

Basi Jumatano ya Majivu mwaka huu nikaamua Kwaresima nzima nile mimea tupu, na kwa kuwa katekista wetu, Bwana Dionisi, alitusomea kwamba Wakristo wa zamani siku hizo waliacha hata mayai na maziwa, nami nikaacha mayai, maziwa, samli na asali, nikampita hata Taraben mwenyewe. Mshauri, sijawahi kuona Kwaresima kama ile. Mwili ulipungua, magoti yakanyamaza, nikaanza tena kutembea mpaka makaburini bila kupumzika, na sala zikawa nyepesi kinywani. Pasaka ilipofika nikajiona sitaki tena kurudi. Sikuwa na sababu kubwa ya kumwambia mtu, ila kwamba sitaki tena kula kitu kilichotoka kwa mnyama.

Sisi Wakatoliki hapa hatuzidi kumi na wanne pamoja na watoto, padri huja kutoka Unguja mara tatu kwa mwaka, siku nyingine tunasali nyumbani kwa Bwana Dionisi. Siku ya Pasaka wakachinja mbuzi, tukakaa pamoja, na Bwana Dionisi akanipakulia kwa mkono wake mwenyewe. Nikamwambia nashukuru, nitakula wali na mchicha. Akaniuliza kwa sauti iliyosikika na wote, "Bwana amefufuka. Wewe bado unafunga kwa ajili ya nani?"

Mmoja wa akina mama akasema kila siku ananiona mlangoni kwa Banyani, na Bwana Dionisi akasema kama ni hivyo padri lazima aambiwe, maana anayeshika sheria ya dini nyingine hastahili kupewa Komunyo. Nilimaliza wali wangu, nikaosha mkono, nikaenda zangu. Tangu siku hiyo naenda kusali na kurudi, na nikikaa kwenye jamvi upande wangu unabaki wazi.

Nilikuwa na jirani mwingine, Bi Mwanawema, Mwislamu, mumewe ni mvuvi mwenye asili ya kisiwa cha Fundo. Tangu nilipofiwa huyu mama hakupitisha Ijumaa bila kuniletea sahani ya samaki wa kupaka au pweza wa nazi, nami nilimrudishia sahani yake na maandazi au ndizi. Nilipoacha samaki sikumwambia. Niliogopa kumvunja moyo, na niliogopa asije akaacha kuja, kwa hiyo nilipokea, nikashukuru, nikawapa paka nyuma ya nyumba, Ijumaa baada ya Ijumaa, na mwezi wa Mei akapita uani kuazima kinu changu akawakuta paka wanakula pweza wake. Alisimama akatazama. Akasema, "Miye nilidhani nalisha jirani. Kumbe nikilisha paka." Akaenda zake, na kinu hakukichukua. Haji tena, na mimi Ijumaa ikifika nakaa nikisikiliza mlango kama mjinga.

Sasa hili la mwisho hata Taraben hajui. Nimepimwa tena juzi, ni frasila nne kasoro ratili tano. Siku nyingine nakula mara moja tu, kipande cha shelisheli la kuchemsha na chai ya rangi, na si kwamba sina chakula, ni kwamba njaa imekuwa kama mtu ninayekaa naye, nikiamka ipo, nikishona ipo, na nikila naona kama nimeifukuza nikabaki na nyumba. Wiki iliyopita niliinama kuokota sindano nikajikuta nimelala sakafuni, na sijui nililala muda gani, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuniambia.

Padri anakuja kwa sikukuu ya Mama Maria, katikati ya Agosti. Je, nimetenda dhambi? Nirudi kula nyama ili nipate watu, au nibaki nilivyo na Mungu wangu? Jina langu liandike tu, usilifiche. Siku hizi hakuna anayelitaja.

Skolastika,
Wete, Pemba, Julai 1937

JIBU

Dada Skolastika, nimekusikiliza mpaka mwisho, kisha nikakusoma mara ya pili. Mimi si padri wala daktari, lakini barua yako ina mambo ambayo hayahitaji padri wala daktari, yanahitaji mtu wa kukushika bega na kukutikisa kidogo. Ukiona maneno yangu ni makali, ujue nilipofika kwenye ile sindano niliweka barua chini nikatoka nje.

Nianze na la dini kwa kuwa ndilo jepesi. Kanisa lina siku za kutuamuru tuache nyama. Siku ya kutuamuru tuile halina, hata Pasaka. Wako watawa wanaokaa miaka hamsini bila kuonja nyama na hakuna anayewaita Mabanyani. Kujifunza kupika dengu kwa jirani si kubadili dini. Wewe uliahidi Kwaresima, Kwaresima ukaitimiza, na unachokula sasa ni hiari yako. Bwana Dionisi kazi yake ni kufundisha, kukunyima Komunyo si kazi yake, na habari ya Wakristo wa zamani na mayai yao ni yeye mwenyewe aliyekusomea. Usikae ukisubiri kushtakiwa. Padri akitia mguu Wete, uwe wa kwanza kumwendea, umweleze kwa kinywa chako, yote, pamoja na lile la njaa.

Lakini usijifiche nyuma ya dini, dada. Daktari alisema tano. Wewe umeipita nne. Hiyo frasila moja na zaidi iliyokwenda, nani alikuruhusu kuitoa? Si Kanisa, Pasaka ilikuwa mwezi wa Machi. Si Taraben, yeye anakula akashiba na watoto wake wanakula wakashiba. Kula mimea si kosa. Kosa ni kukaa bila chakula ukakiita chakula cha mimea. Mbaazi zipo, kunde zipo, njugu zipo, nazi ndiyo usiseme, Pemba nzima ni nazi. Kuna muhogo, majimbi, ndizi, kisamvu, maparachichi. Utakula mara tatu kwa siku, utake usitake, na kila siku kiwemo kitu cha jamii ya kunde. Tena wiki hii uende hospitali, umwambie daktari umeanguka na umwambie vitu vyote usivyokula. Akikuamuru unywe maziwa kwa muda, yanywe kama dawa. Ukipona mtazungumza tena.

Sasa Bi Mwanawema. Hapo sikuhurumii hata kidogo. Mwanamke huyo hana undugu nawe wala dini moja nawe, na miaka minne amekumbuka kila Ijumaa kwamba kuna mtu peke yake nyumba ya pili. Ulimdanganya usoni, wiki baada ya wiki, halafu unakaa unasikiliza mlango kana kwamba yeye ndiye anayedaiwa kuja. Inuka uende. Usimpelekee zawadi, usimweleze habari za Kwaresima. Mwambie hukula, ulimficha, umekosea. Kisha mwambie unakula nini, ili ajue.

Na Taraben usimtake zaidi ya anachoweza. Amekupa kila kitu ambacho sheria yake inamruhusu, mpaka ukingoni kabisa. Ila ngazi yake ya nyuma haiwezi kuwa dunia yako yote.

Unaniuliza urudi kula nyama ili upate watu. Isome tena barua yako mwenyewe. Ulipokuwa ukila nyama na samaki na mayai, sahani mbili mchana na mbili jioni, nani alikuwa amekaa nawe? Ulishiba peke yako, na sasa una njaa peke yako. Silvesta amekufa, dada. Pole, nakupa pole ya kweli, kwa kuwa naona hapana aliyekupa ya kutosha. Umempikia miaka mitatu, kisha ukakonda kwa ajili yake miezi mitano. Sasa wapikie walio hai. Pika sufuria ya mbaazi za nazi siku ya Jumapili, waite wawili watatu katika hao kumi na wanne, hata yule mama aliyekusema, na usitoe hotuba juu ya chakula. Atakayekuja amekuja.

Hospitali kwanza, kwa Bi Mwanawema siku hiyo hiyo, kwa padri akifika. Usiniandikie mpaka umekwenda kote.

Jibu hilo nilimpelekea Skolastika kwa posta kabla ya kulichapa gazetini, kwa kuwa sikukuu ilikuwa karibu. Ameniletea karatasi hii na kuniruhusu kuiweka hapa.

Mpendwa Mshauri, nimekwenda kote. Daktari amenigombeza kuliko wewe. Amenipa dawa ya damu na ameniamuru maziwa kikombe kimoja kila asubuhi mpaka Desemba, nayanywa nimefumba macho. Mengine nimebaki nilivyo, ila nashiba, na nimeongezeka ratili sita.

Padri alinisikiliza muda mrefu. Aliniuliza nani ananiangalia nikiugua. Komunyo alinipa. Bwana Dionisi alikuwa karibu ameshika kitabu, akatazama chini, na mpaka leo hajanisalimu. Jumapili niliita watatu, akaja mmoja.

Kwa Bi Mwanawema ndiko kulikoniwia vigumu. Nilipita mlangoni pake mara tatu kabla ya kubisha hodi. Nilimkuta anasuka ukili wa mkeka, nikasema kama ulivyoniagiza, sikuongeza. Akaendelea kusuka mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akasema, "Miye nilidhani mkono wangu wakutia kinyaa." Nikamwambia haikuwa hivyo hata siku moja, nikalia, na yeye akaniacha nilie, hakunitoa wala hakunibembeleza.

Alikuja juzi na ukili wake, akakaa jikoni kwangu nikipika choroko. Alionja akasema chumvi haijakolea, akaitia mwenyewe, tukala. Hakusema kama amenisamehe, nami sikumuuliza. Alipokuwa anavaa viatu aliniuliza kesho napika nini.

Skolastika