Moyo Uliochechemea

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi inaendelea, na yale mafua yamekwisha. Ningekuuliza afya yako, lakini nimeshaisikia kwa Shangazi, na ndiyo iliyonikalisha kitako niandike.

Shangazi anasema hujakanyaga kituo cha mazoezi tangu mwezi uliopita. Gari la jirani likija kukuchukua, unajifanya umelala. Umelala, Baba, na viatu umevaa. Shangazi alicheka akinisimulia, mimi sikucheka. Tangu kiharusi kikupige mkono na mguu wa kulia, nimekuwa nikiishi kwa habari ndogo ndogo: kidole kimeinuka, kikombe umekishika, umefika mlangoni bila kushikwa. Leo mtu aliyefika mlangoni amerudi kitandani kwa hiari yake?

Simu huitaki kwa sababu ulimi umekuwa mzito na unaona haya nikusikie. Nimekubali, tuandikiane. Lakini barua isiwe pazia la kujificha. Mkono wa kushoto unaandika, basi niandikie sababu. Kama yule mtaalamu wa mazoezi unayemwita Sajini amekukosea adabu, sema. Kama umechoka, sema. Mama alikaa kimya na maumivu yake mpaka yakamchukua, na sisi tukayaita subira. Sitaki subira ya pili katika nyumba ile.

Binti yako.


19 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Namshukuru Mungu, nala na nalala. Mwandiko huu usiucheke. Ni wa mtoto wa chekechea, lakini maneno ni yangu.

Barua yako niliisoma mara mbili nihakikishe ni mimi niliyekuzaa wewe, si wewe uliyenizaa mimi.

Umetaka sababu. Nilipotoka hospitali mkono ulikuwa umekufa, mguu gogo, lakini moyo ulikuwa sawasawa. Kazi yangu unaijua. Nimekaa na saa za watu tangu sijaota ndevu, na saa mbovu naisikia kabla sijaifungua. Nilikuwa naweka kidole shingoni huku natazama saa ya ukutani, na moyo haukupoteza mwendo hata chembe. Nikae, nisimame, mwendo ule ule. Ni kweli nikiinuka giza lilinijaa machoni, lakini hilo nililitupia uzee. Nikajisemea, kila kitu kimeharibika ila mtambo wenyewe.

Ndipo Sajini akanianza. Kanyaga baiskeli isiyokwenda popote, inuka kitini, kaa, inuka tena, vuta pumzi, ishushe polepole. Wiki zikapita. Asubuhi moja nimekaa nimetulia, nikaweka kidole, nikakuta moyo unachechemea. Unakimbia kidogo, unazubaa kidogo, unakimbia tena. Kesho yake vilevile. Saa inayokwenda hivyo, mwanangu, haina siku nyingi, na fundi mwenye akili haendelei kuitia ufunguo. Anaiacha itulie. Nami nimeuacha utulie.

Sajini sikumwambia. Angenieleza nini kuhusu mitambo, mtoto wa juzi yule?

Sasa umejua. Usinifokee tena.

Baba yako.


2 Machi

Baba,

Shikamoo. Leo hali yako siulizi, maana ukiulizwa unajibu kwamba unakula na kulala.

Barua yako niliisomea kwenye korido ya kazini, nimesimama, na wenzangu wakaniuliza nani kafariki. Nikawaambia hajafariki mtu, kuna mtu anajiua kwa ufundi.

Nimempigia Sajini. Akasema, "Mzee wako ameiona dalili ya kupona akaikimbia." Halafu akakasirika, na hasira yake nikaipenda kwa sababu ilifanana na yangu.

Sasa nisikilize, na usiikunje barua hii kabla ya mwisho. Moyo hauko peke yake kama saa juu ya meza yako. Ubongo unausemesha mchana na usiku bila sisi kuuamuru. Kuna sauti inayouharakisha na kuna sauti inayouzuia. Ukivuta pumzi, ile ya kuzuia inalegea na moyo unaongeza mwendo, ukiishusha, unapunguza. Ukiinuka, moyo unahimizwa na mishipa inabana ili damu isikimbilie miguuni. Kiharusi kilififisha mazungumzo hayo. Mwendo mnyoofu uliojivunia ulikuwa mwendo wa moyo usioambiwa kitu. Ndiyo maana ukiinuka unaona giza. Mazoezi yalikuwa yameanza kuyarudisha mazungumzo hayo, na kule kuchechemea ndiko kulikuwa dalili yake. Sajini anasema si kila mgonjwa anayapata tena, na aliyeyapata anaweza kuyapoteza akiacha mazoezi. Anasema pia kuna kuchechemea kwingine ambako ni hatari, kwa hiyo ulipaswa kusema siku ile ile ili daktari akupime. Wewe ukakaa na kidole shingoni kama umejikamata mwenyewe.

Na jambo hili uliwahi kuambiwa. Mama alinisimulia kwamba nilipokuwa mchanga uliweka sikio kifuani pangu, ukasikia moyo unakimbia na kuzubaa, ukanibeba mbio hospitali. Daktari akakucheka. Mtoto ni mzima, akasema, anapumua tu. Basi ama ulisahau, ama uliamini saa kuliko mwanao.

Rudi kituoni.

Binti yako.


28 Machi

Baba,

Shikamoo. Nilingoja jibu lako, nikaletewa la Shangazi. Anasema ulisikia hodi, ukainuka ghafla, ukaanguka kabla ya kufika mlangoni, na umeshonwa juu ya jicho. Anasema pia ulimkataza asiniambie.

Nina hasira mpaka meno yananiuma. Nimeandika barua tatu nikazichana, zote zilikuwa za kukuumiza. Hii ndiyo ya upole.

Unaogopa moyo wako utasimama. Mimi naogopa hicho hicho, Baba. Ila tumekubaliana kila mtu aogope kwake, chumbani kwake, na tukikutana tunaulizana habari za mafua.

Nimeomba ruhusa kazini nije. Wasiponipa, nitakuja vilevile.

Binti yako.


21 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Jicho linapona. Nimechelewa kujibu kwa sababu na mimi nilikuwa na hasira. Hasira hizo umezirithi kwangu, usimsingizie marehemu mama yako.

Nimerudi kituoni. Nilikwenda kumshinda Sajini, nisikufiche. Daktari alinipima kwanza, akasema hatari hajaiona. Kisha Sajini akanifunga mkanda kifuani, mapigo yakaanza kujichora kama vijiti kwenye kioo. Nikavuta pumzi, vijiti vikasogeleana. Nikaishusha, vikaachana, lakini kidogo sana, kama watu waliogombana. Akaniambia kabla sijaacha mazoezi vilikuwa vikiachana zaidi.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo nilichokitupa ndicho kilikuwa mali?"

"Ndicho, Mzee. Sasa kanyaga baiskeli."

Nakanyaga. Hajaniahidi kitu, na sijamwomba ahadi.

Lakini hospitali ile sikuisahau. Daktari alipocheka, sikumwamini. Mpaka ulipoanza kutembea nilikuwa bado naweka sikio kifuani pako ukilala, nangoja moyo upoteze mwendo. Mama yako hakujua, ndiyo maana hakukusimulia. Kwa hiyo usiniandikie tena kwamba niliamini saa kuliko mwanangu. Hilo limeniuma kuliko mshono.

Umesema utakuja. Njoo na ukali wako wote uuseme hapa hapa, nami nitakujibu kwa ulimi huu mzito, ukitaka kucheka ucheke. Ila kuna jambo moja. Siku hiyo nimemkataza Shangazi kufungua mlango. Nitafungua mimi. Sajini amenifundisha nikae kwanza ukingoni mwa kitanda, nivute pumzi, ningoje, ndipo niinuke. Kwa hiyo ukishabisha hodi, usirudie, wala usiite kwa ile sauti yako. Nitakuwa nimekaa pale, naungoja moyo usikie kwamba umefika.

Baba yako.