Tawi Kwenye Njia ya Kuja Kwetu

Jumatatu, 27 Aprili 2020

Salamu, daftari langu. U mzima? Wewe huna mapafu, una nafuu. Mimi nimeamka. Kipimajoto kwapa la kushoto, maana la kulia tezi zake zilitolewa pamoja na titi. 36.7. Nimesukutua maji ya chumvi. Uji nusu kikombe, umekaa. Rozari tendo moja, nikasinzia. Mungu ananijua.

Imebaki dawa moja ya saratani. Ya sita, ya mwisho. Nimeshaikosa mara mbili kwa sababu ya homa. Muuguzi wa Moshi amepiga simu leo, tarehe mpya ni Jumatano ya 13 Mei. Akasema, "Mama Yustina, damu yako haina askari sasa hivi. Usikae na watu. Hii corona ikikukuta hivyo, itakuwa kazi. Na ukija na homa tutakurudisha tena." Tukizidi kuchelewa, ugonjwa unaweza kupata nafasi ya kurudi.

Nimeelewa. Kuelewa si kazi. Kazi ni watu.

Jumatano, 29 Aprili

Wanajumuiya wamekuja kuniombea. Kumi na mmoja, chumba hiki hiki. Nilivaa barakoa. Mama Basilisa, mwenyekiti wetu, rafiki yangu tangu tukiwa wasichana wa kwaya, akaniangalia: "Barakoa ya nini, unakwenda kuvunja duka?" Wote wakacheka. Nami nikacheka. Nikaivua. Mjinga mimi.

Wamenishika mikono mmoja mmoja. Mmoja anakohoa, eti vumbi. Vumbi gani na mvua hii.

Huwezi kumfukuza aliyekuja kukuona. Hakuna neno la kumwambia, si kwa Kiswahili, si kwa Kiiraqw.

Jumamosi, 2 Mei

Tumejaribu uongo. Mume wangu Boay ni mpishi wa hoteli ya watalii kule juu Ngorongoro. Wageni wamekatika, yuko nyumbani. Akasimama mlangoni akawaambia nimelala. Wakasema hawana haraka, watasubiri niamke. Wamekunywa chai sufuria mbili. Mimi nyuma ya pazia, macho wazi, mkojo umenibana saa nzima.

Nimechoka. Nimewachukia kidogo. Mungu nisamehe, walileta na mayai.

Jumapili, 3 Mei

Asubuhi 37.6. Jioni 37.8. Siwezi kusali vizuri. Nasema tu, si tena, Bwana, si tena.

Jumatatu, 4 Mei

Aama amefanya jambo. Aama ni mama mkwe wangu, nyumba yake iko ng'ambo ya shamba la mbaazi. Boay alimwambia habari ya homa. Asubuhi akachukua panga, akakata tawi bichi, akalilaza katikati ya njia ya kuja kwetu. Kila anayepita anamwambia: humo kuna metimani.

Sisi Wairaqw wa umri wangu hiyo tumesimuliwa tu. Zamani nyumba iliyopatwa na jambo zito ilitengwa. Haitembelewi, haichangii maji wala moto na wengine, hadi muda wake uishe. Watu waliogopa mkosi wake. Kanisani tumefundishwa kuyaacha hayo. Mimi mwenyewe nimewafundisha watoto wa komunyo ya kwanza kwamba ni ya giza. Leo yako njiani kwangu.

Nilikasirika. Nikasimama upande wangu wa tawi, yeye wake, hata shikamoo nikaisahau. Nikamwambia mimi ni mbatizwa.

"Hata mimi," akasema. "Muuguzi kasema kwa simu, nani kamsikia? Mimi nimesema kwa tawi. Tuone nani atapita."

Nikamwambia basi aingie yeye. Akakataa. Juzi alikuwa msibani Rhotia, amekaa na watu siku tatu. "Nikivuka mimi, hili ni kuni tu."

Alhamisi, 7 Mei

36.9. Hakuna aliyepita. Hakuna. Maziwa yanaachwa kwenye tawi, Boay anayafuata. Nimelala mchana mlango ukiwa wazi. Nina furaha na ninaona aibu kuwa nayo.

Jumapili, 10 Mei

36.6. Boay alikwenda Misa, akasali nje ya kanisa, dirishani. Amerudi amenuna. Mama Basilisa kasema mbele ya watu kwamba nimeacha Rozari nimeshika matawi. Kuna mama kamvuta mwanawe asimpe Boay mkono. Si corona wanayoiogopa. Ni sisi.

Akachukua panga, akasema anakwenda kulitoa, jina letu linaharibika. Nikamwambia aache. Siku tatu tu. Nikatoka mwenyewe. Upepo ulikuwa umelisogeza kando, mtu angeweza kupita. Nikalirudisha katikati kwa mkono wa kushoto.

Kwa hiyo sasa si la Aama. Ni langu. Nitalisema kwenye kitubio. Sijui kama nitaweza kusema ninajuta.

Jumatano, 13 Mei

36.5. Jirani mwenye gari la watalii, asiye na watalii, ametupeleka. Madirisha wazi hadi Moshi, nimeganda.

Damu imekubali. Dawa ya sita imeingia.

Muuguzi akauliza nimewezaje safari hii. Nikasema nilikaa nyumbani. Kurudi, nimetapika Makuyuni mara mbili. Aama alikuwa amesimama kwenye tawi na kanga yake imelowa. Aliniangalia usoni akasema, "Kalale."

Jumapili, 31 Mei, Pentekoste

36.6. Muuguzi kasema damu imepanda. Naweza kuona watu wachache, nje, tukiachiana nafasi. Boay alilitoa tawi tangu Jumatatu.

Wiki nzima njia iko wazi. Hakuna aliyekuja. Nyasi zimeota katikati. Leo Mama Basilisa amepita barabarani akitoka Misa, nikainua mkono. Akaangalia mbaazi.

Simlaumu. Niliomba wasije, hawakuja.

Aama amevuka wa kwanza, na kigoda chake. Tawi limekauka, nimelitia jikoni. Limewaka vizuri. Nimepika chai sufuria mbili. Tumekunywa vikombe vitatu.

Nimeandika kipande cha karatasi, Boay atakipeleka kesho. Nanakili maneno yake na hapa, nisije nikajidai sikuandika.

Mpendwa Basilisa, salamu. Hujambo na nyumba yako? Mimi sijambo, dawa zimekwisha. Sikuacha Rozari. Njoo nikueleze. Viti nimeviweka nje, na chai imebaki nyingi. Uvae barakoa, nami nitavaa, tukavunje duka wote wawili. Naomba unijibu mapema.