Maotea ya Kando ya Njia

Njombe, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Kaka Kosta aliniambia kwenye simu kwamba uliteleza ukishuka kutoka shambani na kikapu cha karoti, na sasa unatembelea mkongojo. Usiku unapata usingizi? Mimi mwili ni mzima, na baridi ya huku nimeizoea. Lakini kuna jambo nililomficha kaka, na wewe siwezi kukuficha.

Kwenye bustani ya nyumba ya wageni ninapofanya kazi kuna maua ya zambarau yanayodumu mwaka hadi mwaka. Mbegu zake zilidondoka chini zikaota zenyewe. Mama mwenye nyumba alitaka maotea yale yang'olewe. Nikamsihi ayaache, kama wewe unavyouacha mchicha uliojiotea nyuma ya jiko. Nikayahamishia kando ya njia, nikayatunza miaka miwili. Ukiyatazama yalikuwa bado kama nyasi tu, lakini mwaka huu yangetoa maua.

Siku ile Kosta alipopiga kunieleza habari zako, nilikuwa palepale bustanini. Tatu, mwenzangu aliyekuwa mgeni wa kazi, akaniuliza, "Dada, hizi nyasi za njiani nizilime?"

"Lima," nikamjibu bila kugeuka.

Nilipokata simu, pale kando ya njia palikuwa udongo mtupu.

Mama mwenye nyumba akaja, akauliza nani kafanya vile. Tatu akanitazama. Mama, nilinyamaza. Niliogopa kufukuzwa wakati wewe unauguza mguu.

"Nimelima mimi," Tatu akasema, wala hakunitaja. Akaambiwa achukue vitu vyake aondoke.

Siku ya tatu nikaenda kusema ukweli. Mama mwenye nyumba akasema, "Kamrudishe mwenzako. Wewe bustani usiiguse tena. Utafua mashuka."

Nilimkuta Tatu mlangoni kwake anachambua mboga. Nikapiga magoti nikamwomba msamaha.

"Kazini nitarudi, nina watoto," akasema. "Ila mimi na wewe tusizoeane."

Miche michache niliyookota kwenye lundo la majani niliipanda upya kabla sijahamishwa. Mingine imenyauka, mitano imesimama. Sasa Tatu ndiye anayeimwagilia. Nikipita na beseni la mashuka namsalimia, na hadi leo hajaitikia hata mara moja.

Kosta akikuuliza, mweleze yote, usinitetee. Nisalimie shangazi anayekupikia siku hizi, na yule jirani yetu wa Mkuyuni aliyekubeba hadi zahanati. Mwambie nimeshukuru sana. Kwenye sala zako unitaje.

Kesho asubuhi nitamsalimia tena Tatu.

Ni mimi mwanao,
Veronika