Nilimkaribisha Mtu wa Mwamvuli, Sasa Anakuja Kweli

Mpendwa Bibi mshauri, naomba msaada wako upesi maana Jumamosi haiko mbali na mimi kichwa kimegoma. Mimi ni fundi friji, nina mchumba anayeuza kwenye duka la dawa, na harusi yetu ni mwezi huu, ila sasa hata sijui kama ipo, na yote yameanzia kwenye matembezi ya kuonyeshwa mji.

Tulisafiri nje ya nchi, mabegi mgongoni, tukilala hosteli zenye vitanda vya juu na chini, na katika mji mmoja tukajiunga na wageni wengine kutembezwa kwa miguu, kiongozi wetu akiwa kijana mpole mwenye mwamvuli wa njano anaounyanyua juu ili tusipotee, basi akatupeleka kwenye mnara tukakuta umefunikwa turubai unakarabatiwa, akasema, "Nyuma ya hili turubai kuna mnara mzuri sana," tukaenda makumbusho tukakuta yamefungwa, akatusomea kibao cha saa za kufungua, kasri la mfalme tukaliona kwa nyuma, kwenye mapipa ya taka, na tulipokaa muda mrefu kuliko kote ni kwenye duka la binamu yake anayeuza mabegi, na sisi sote tulikuwa na mabegi mgongoni.

Mvua ikaanza, tukauangalia mwamvuli, kumbe haufunguki, ni wa kunyanyua tu. Mchumba wangu akaniambia, "Tuondoke." Nikamwambia, "Si vizuri, atajisikia vibaya." Akasema, "Mimi najisikia vibaya sasa hivi." Nikamwambia anisubiri kwenye ngazi za benki moja hapo karibu, namalizia mara moja. Wenzetu nao wakawa wanachomoka mmoja mmoja, kuna aliyesema anakwenda msalani na hakurudi, mpaka nikabaki mimi na kiongozi, na Bibi, ukishabaki peke yako ndiyo huwezi tena kuondoka, basi tukamaliza mji mzima wawili, mimi nikiuliza maswali ili kusiwe kimya, na mwisho nikampigia makofi peke yangu, akanikumbatia, machozi yanamlengalenga, na mimi kwa adabu nilizolelewa nazo nikamwambia, "Karibu sana kwetu siku moja, kwangu ni kwako."

Bibi, si tunasema hivyo kwa kila mtu? Mimi hata anayekuja kusoma mita ya maji namwambia karibu tena. Kumbe kwao mtu akiambiwa karibu anakwenda kukata tiketi. Ameniandikia kwamba anafika Jumamosi na atakaa mpaka nimchoke.

Mama amefurahi, anasema nimekaribisha kwa mdomo wangu sasa nitandike kwa mikono yangu, na godoro ameliweka kwenye chumba tunachokipaka rangi, ambacho ndicho chetu baada ya harusi. Mchumba wangu alikuja jioni kuendelea kupaka, akaliona godoro, akauliza la nani, nikamwambia, akaizamisha brashi kwenye ndoo ya rangi, na mpini wake, akasema, "Wewe huwezi kumwacha mtu yeyote, isipokuwa mimi." Akaondoka. Simu hapokei. Nimzuie mgeni, au nimngoje mchumba hasira zishuke? Nifanyeje, Bibi, nisimuudhi mtu?

Ni mimi, fundi mwenye godoro.

*

Mjukuu wangu fundi,

Barua yako nimesomewa mara mbili, na mara ya pili nilisema habari za mwamvuli zirukwe, nisomewe za ngazi. Ni mstari mmoja tu. Umeniandikia turubai, umeniandikia mapipa, lakini mwenzako alikaa kwenye zile ngazi mpaka saa ngapi, alilowa kiasi gani, uliporudi ulimwambia nini, hakuna. Nadhani hukumwambia kitu. Nadhani ulimsimulia matembezi.

Pole, na ninaisema kwa moyo. Kubaki na kijana wa watu mpaka mwisho, huku wenzako wote wamekwenda msalani, si kila mtu ana roho hiyo. Mimi ningechomoka pale kwenye turubai. Lakini upole wako, baba, anayeulipia ni mwenzako. Wa nje unampa makofi, wa ndani unamwambia asubiri. Unadhani hachoki kwa kuwa ni wako. Anachoka kuliko wote, maana yeye hana pa kusingizia msalani.

Umeuliza ufanyeje usimuudhi mtu. Dawa hiyo mimi sina, na hata kule dukani kwa mwenzako haiuzwi. Wa kuudhiwa yupo, ni kuchagua tu, na mpaka leo umemchagua yeye.

Kwanza godoro litoke. Mama yako mwambie, "Mama, chumba hiki kina mwenyewe." Atanuna. Mwache anune, atapika huku amenuna na mtakula. Likishatoka, simu iweke mfukoni uende duka la dawa kwa miguu yako. Simama kwenye foleni kama mgonjwa. Zamu yako ikifika sema, "Nilikuacha kwenye mvua nikamfuata mtu nisiyemjua, na chumba chako nikakigawa bila kukuuliza. Nimekosa." Funga mdomo hapo. Ukisikia "lakini" inakuja, imeze. Wenye vikohozi nyuma yako wakisikia, wasikie. Akikuuliza kama unanunua dawa au hununui, sogea pembeni, na safari hii ungoje wewe.

Mgeni aje. Neno umelitoa, mtu amekata tiketi kwa ajili yako, utamfungia mlango usoni? Mtafutie kochi kwa rafiki yako, umwandikie leo hii kwamba una harusi, na umtajie siku ya kuondoka. Akifika umtembeze wewe, na ukweli umwambie: makumbusho aulize kwanza kama yamefunguliwa, na duka la binamu apunguze. Wenzako walimkimbia, wewe ukampigia makofi, na katika ninyi nyote hakuna aliyemsaidia.

Mwenzako akikubali kufuatana nanyi, shukuru. Siku hiyo akisema "tuondoke", hata kama mgeni yuko katikati ya neno, aga, uondoke naye.

Na kabla ya Jumamosi nunua mwamvuli, ule mkubwa. Ufungue hapohapo dukani uone kama unafunguka. Si wa mgeni.