Pombe ya Yule Polisi

Mama Irakoze, amahoro.

Huku Kigoma nabeba matofali. Mgongo unauma, ila nakula. Nimefurahi kusikia ndagala, wale dagaa ulioanika, zilikauka kabla ya mvua.

Unaandika kwamba familia ya yule polisi aliyempiga mwanetu mpaka akafa ilileta pombe ya ndizi, na Baba yangu akanywa nao. Ati alikuambia, "Mkwe wangu, mahakama haifufui mtu." Ni kweli, lakini yule bado ana rungu, na huko kwetu Gitaza kuna watoto wengine. Sasa watamwambia hakimu kwamba kwa pombe ile tumesamehe.

Nakuja kumwambia hakimu kwamba mzee alikunywa kwa kiu yake. Mimi baba wa mtoto sijasamehe. Ila hukuandika kama wewe ulikunywa. Nijibu hilo kwanza.

Ni mimi mumeo,
Yonasi