Kandambili Iliyosimama Foleni Lilongwe

Mama wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwenu nyote hapo kambini Dzaleka. Nimepata mada ya tasnifu yangu ya uongozi wa huduma za jamii, siku ya mwisho kabisa ya kuiwasilisha! Mwalimu alikwisha kukataa tatu. Alisema zote zinanuka maktaba. Leo mchana foleni ya ugali wa nsima chuoni ilikuwa ndefu, nikaacha kandambili moja mstarini, kama tunavyoacha bidoni za maji bombani, nikaenda kivulini kuwaza ya nne. Kumbe aliyekuja nyuma yake ni mwalimu mwenyewe! Kila mstari uliposogea, aliisukuma kwa ncha ya kiatu. Mpishi, mama mmoja wa Uvira, akapaza sauti: "We binti, hii kandambili iko nakula nyama ao maharagi?"

Nikakimbilia pale mguu mmoja mtupu, nikaeleza kuwa kambini bidoni ndizo hutushikia nafasi bombani. Mwalimu akauliza nani husimamia foleni kama hiyo kwetu.

"Hakuna," nikajibu. "Bidoni zinasimama, akina mama wanapiga stori, na ole wake atakayeruka moja."

"Andika hilo," akasema.

Ila kandambili ameichukua akaonyeshe darasa jingine, nami nakuandikia nikiwa nimevaa moja. Nitaishukuru bidoni yetu ya njano ukurasa wa kwanza wa tasnifu, Mama, mara tu baada yako.

Binti yako akupendaye,
Neema