Makisio ya Moncton na Shemeji wa Saint John

Mtaa wa Mélèze,
Moncton, New Brunswick.
23 Machi 2025.

Mpendwa binamu Rhéal,

Salamu za sisi sote zikufikie huko Alberta ukiwa mzima wa afya. Je, kifua kimepona? Mama yako, shangazi yangu Edmée, alituambia umekuwa ukikohoa tangu Krismasi, akahangaika kana kwamba umelala chumba cha pili na yeye amekosa dawa ya kukupa. Na baridi ya huko, imeanza kulegea?

Sisi hatujambo. Theluji imebaki kwenye vivuli vya nyumba tu; barabarani ni matope, na mama yako ameshaanza kugombana na viatu vya watu mlangoni pake. Magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi, tunamshukuru Mungu, haujambo kabisa.

Uliuliza kwenye simu ni kwa nini mimi na ndugu yangu Zoël tulinuniana majira ya baridi. Najua mama yako alikupa nusu ya habari, na nusu yenyewe ilikuwa ya upande wa Zoël. Acha nikupe yote, maana yamekwisha vizuri.

Kazi yangu unaijua: kukisia idadi ya watu. Mwaka jana chama kimoja cha wajenzi kiliiomba ofisi yetu ikisie Moncton itakua kiasi gani kwa miaka kumi ijayo, ikilinganishwa na Saint John, Fredericton na Halifax. Ungekuwepo ungecheka. Mji mzima ulikuwa umelewa sifa. Wageni walikuwa wamemiminika kwa miaka kadhaa, kila kona jengo jipya, shule zimefurika mpaka watoto wengine wanasomea kwenye vibanda uwanjani. Watu waliongea kana kwamba Saint John tumeshaizika, na Halifax imekaa pembeni inatungoja tuipite.

Mimi nilipokaa na hesabu zangu sikuona hivyo. Sisi wenyeji tunazeeka, Rhéal. Watoto tunaozaa hawatoshi kujaza nafasi za wanaotutoka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sisi kweli wageni ndio waliotuponya. Lakini serikali kule Ottawa ilikuwa imeanza kubana vibali vya wageni, hasa vya wanafunzi. Nikakisia kwamba tutazidi kukua, na Saint John tutazidi kuitangulia, ila kwa mwendo usiofika nusu ya ule tuliouzoea. Halifax ndiyo usiiguse, hatuifikii.

Sasa, Zoël alikuwa amepatana na mzee Aurèle Bastarache amuuzie shamba lake lote la viazi, pale mji unapoishia, ajenge maghorofa mawili ya kupangisha. Benki ilikuwa inasubiri makisio yetu kabla ya kumkopesha. Jumamosi moja asubuhi akaja kwangu na mfuko wa donati, nikajua ana jambo. Zoël haji na donati bure.

"Dada, nasikia umechora mistari mitatu. Wa juu, wa kati na wa chini."

"Umesikia kwa nani?"

"Aa, mji wenyewe huu mdogo."

"Si ulisema ni mkubwa?"

Hakucheka. Alisogeza kikombe chake, akaniambia niutangulize ule mstari wa juu. "Si uongo, Delphine. Umeuchora mwenyewe kwa mkono wako."

"Nimeuchora kuonyesha itakuwaje kila kitu kikienda kama ndoto. Mimi mwenyewe siuamini."

"Miaka kumi! Nani atakumbuka ulisema nini?"

"Wewe utakumbuka. Wewe ndiye utakayekuwa na vyumba vitupu."

Akaondoka, kahawa hajaimaliza. Sikufanya kazi ya maana siku ile. Unakumbuka mume wangu alipofariki, ni Zoël aliyepanda juu ya paa langu kwenye upepo akaliziba, wala hakutaka hata asante. Nikarudia hesabu zote tangu mwanzo. Nilitamani nikute nimekosea mahali. Sikukuta.

Januari tukasoma makisio kwenye ukumbi wa parokia. Ukumbi ulijaa. Mdogo wetu Lucette alikuja na mumewe Gordon, wametoka Saint John kwa ajili hiyo tu. Unamjua Gordon na mji wake: alivaa jezi ya timu yao ya mpira wa magongo kwenye barafu, akakaa mstari wa mbele kabisa, tumbo mbele. Niliposema mwendo utapungua, watu walitazamana. Gordon peke yake akapiga makofi.

"Jamani mmesikia? Maringo yote yale, kumbe pumzi imewaishia!"

Watu wakacheka, si unajua watani. Zoël hakucheka. Alisimama huku ameshika kofia yake, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Huyu dada yangu tangu utotoni, tukipanga kwenda kula ufukweni, yeye hutabiri mvua."

"Na mara ngapi ulirudi nyumbani umelowa?" nikamjibu.

Ukumbi uliangua kicheko. Ilinitoka tu, na mara ile ile nikatamani niimeze, kwa sababu nilimwona amekuwa mwekundu mpaka shingoni. Akavaa kofia, akatoka.

Hapo ndipo tukanuniana. Hakupiga simu, hakuja Jumapili. Mama yako akawa anabeba maneno huku na huko kama tarishi, na kila safari yanaongezeka.

Ikaja ile dhoruba kubwa ya Februari. Asubuhi nikaamka kutafuta koleo la theluji, nikakuta njia yangu imeshafukuliwa, kingo zimenyooka kama ukuta wa mwashi. Zoël alikuwa kule mwisho, barabarani, anamalizia. Nikafungua mlango.

"Usidhani nimekusamehe," akasema bila kugeuka. "Nimeogopa tu uteleze uvunjike kiuno, halafu nani atutabirie mabaya?"

"Ingia ndani, kuna mchuzi wa kuku."

Akaingia. Alikula bakuli la kwanza. La pili ndilo lililomfungua mdomo. Benki ilikuwa imesoma makisio, ikamwambia itamsaidia kwa jengo moja, la pili asahau. Alikasirika siku nyingi, akizunguka mjini na gari lake akitafuta ushahidi wa kunipinga. Badala yake aliona matangazo ya vyumba vya kupangisha kwenye majengo mapya ya wenzake. Matangazo yale yale, yamening'inia tangu vuli, mengine yamepauka kwa jua. Basi akarudi kwa mzee Aurèle. Wakapatana upya: Zoël achukue nusu ya shamba, na nusu nyingine mzee aendelee kulima viazi vyake mpaka nguvu zimwishie. Mzee alifurahi mno. Kumbe alikuwa anauza huku moyo unamuuma.

"Ningejenga yote mawili," Zoël akasema, "sasa hivi ningekuwa napiga magoti kuomba watu kama mkulima anavyoomba mvua."

Hakusema nilikuwa sahihi, nami sikumdai aseme. Nikamwongezea mchuzi.

Sasa sikiliza la Jumapili iliyopita. Tulikuwa wote kwa mama yako, tunakula yale madonge yake ya viazi yenye nyama ndani, na Gordon anatuchokoza kama kawaida. Mara akaacha kula.

"Zoël, kwenye hilo jengo lako, chini kule kutakuwa na nyumba za vyumba viwili?"

"Zitakuwepo. Kwani vipi?"

Gordon akatazama sahani. Lucette akamgusa kiwiko. "Waambie basi."

Wanahamia kwetu! Wajukuu wao wote wako huku, na ile nyumba yao ya mlimani ina ngazi ambazo Lucette hawezi tena kuzipanda. Zoël aliweka uma chini, akanitazama, akacheka mpaka machozi. Mama yako akapiga ishara ya msalaba. Gordon akainua kidole.

"Msinicheke! Nitalala Moncton, nitakula Moncton, na kodi nitampa huyu mnyang'anyi. Lakini siku ya sensa, mimi ni mtu wa Saint John."

"Shemeji," nikamwambia, "mtu huhesabiwa pale anapoishi."

"Basi siku hiyo nitakuwa ninaishi kwa dada yangu kule Saint John!"

Tulipokuwa tunaosha vyombo, mama yako aliniuliza polepole kama kwenye hesabu zangu niliweka pia vijana watakaorudi kutoka huko Magharibi mliko. Nikamwambia niliweka. Akafuta sahani moja muda mrefu sana. Hakuniuliza ni akina nani. Sikuandikii haya kukusukuma, mdogo wangu. Nimeona tu si haki uyakose.

Zoël anakusalimu sana, pamoja na Lucette na mzee Aurèle. Gordon anasema ujue hajashindwa. Nisalimie wenzako wa kambi ya kazi, hasa yule aliyekupikia uji ulipokuwa mgonjwa. Mungu akulinde barabarani na kazini, akupe usingizi mwema na watu wema wa kukuzunguka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye leo kama jana,
Delphine